Kupata kiti, fimbo, mashine ya kusikia au rampu bila kufilisika: mwongozo kamili kwa mwenye ulemavu Kenya na anayemuangalia

Mamangu alikatwa mguu wa kulia kwa ajili ya sukari, chini ya goti, na siku tulipomtoa hospitali hatukua na kitu, watu wawili tulimbeba kwa kiti cha plastiki, kile cheupe cha harusini, kutoka kwa teksi mpaka chumbani kwake. Miezi saba baadaye alikua na kiti chake cha magurudumu kinachomkaa sawa, rampu mlangoni na mguu wa bandia uko njiani, na katika yote hayo pesa iliyotoka mfukoni mwetu ilikua ya rampu, sponji na nauli.

Watu huniuliza nilijuana na nani. Hakuna. Nilichokuja kukijua baada ya kuzungushwa sana ni kwamba ofisi hazipeani "msaada". Zinapeana kifaa fulani, cha kipimo fulani, kwa mtu fulani mwenye namba fulani. Ukienda kulia shida utapewa pole na chai ikiwepo, ukienda na namba na kipimo utapewa fomu. Kwa hivyo nitaandika kwa mpangilio ule ambao ningeufuata kama ningekua naanza leo.

Kwanza kadi, hata kama unaona itachelewa

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile wote twaliita NCPWD, ndio mlango wa karibu kila kitu. Kadi yake ndio utaulizwa ukitaka kifaa, ukitaka karo, ukitaka msamaha wa kodi, ukitaka tenda za serikali zile za AGPO, zinazotengewa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kwenda ofisi ya Baraza kwanza. Usianzie huko. Anzia hospitali.

Unaenda hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu, kwa kawaida ni level 4 kwenda juu, na nyingi zina siku maalum ya wiki ya kazi hiyo, kwa hivyo piga simu au mtume mtoto aulize kabla hujamtoa mgonjwa nyumbani na kulipa tuktuk bure. Beba kitambulisho, kama ni mtoto beba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, picha za pasipoti, na karatasi zote za matibabu, hata zile zimekunjika zimechanika. Utakaa mbele ya jopo la madaktari, si daktari mmoja, wataandika ripoti, ripoti inaenda Wizara ya Afya kuidhinishwa, alafu ndo unaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaomba kusajiliwa na Baraza. Kama simu yako haiwezi, nenda saiba au Huduma Centre. Brokeri anayekwambia atakupatia kadi bila kuona daktari achana naye, manake ripoti feki ikigunduliwa wewe ndo jina lako liko pale, yeye hayupo.

Hapa kuna jambo sijaona likiandikwa popote. Siku ya jopo, mamangu aliulizwa, mama, kuoga unajiogesha mwenyewe? Akasema naam, alhamdulillahi, najiogesha. Kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Daktari alikua mwanamume, umri wa mwanawe, na mamangu ni mtu wa heshima zake, hawezi kumwambia kijana wa watu kwamba haogi peke yake. Ilibidi nimkatize, nikamwambia daktari ndoo naishika mimi, na mgongo namsugua mimi, na akitoka pale naye mkononi kwangu. Mama alininyamazia mpaka nyumbani. Lakini ile ripoti ndio hutumiwa kuamua mengi mbeleni, kwa hivyo mzungumze nyumbani kabla hamjaenda, mwambie kwamba leo si siku ya kusitiri, au mwambie akubali uulizwe wewe.

Na kila karatasi ipige picha kwa simu kabla haijatoka mkononi mwako. Sisi faili letu lilipotea mahali, Jumanne tatu nimekwenda, ya kwanza mwenye faili hayuko, ya pili sahihi ya daktari mmoja haipo, ya tatu faili lenyewe halipo. Kilichonitoa ni ile picha kwenye simu yenye namba na tarehe.

Alafu kipimo, na hapa usiharakishe

Kiti kibaya ni kibaya kuliko kutokua na kiti. Nimeona nyumba si moja kiti cha msaada kimekua cha kuanikia nguo, manake kilikuja kikubwa, mwenyewe anayumba ndani kama andazi kwenye karai, au hakipiti mlangoni.

Kiti cha kwanza alichopata mamangu, tulipewa na jirani aliyefiwa, Mungu amlipe. Kilikua kile cha hospitali, upana wa pa kukalia inchi 18 yaani karibu sentimita 46. Nyonga za mamangu ni sentimita 40. Kwa nje, gurudumu kwa gurudumu, kilikua 66, na mlango wetu wa choo ni 68. Yaani kinapita, lakini mikono yake inayosukuma haipiti, na wiki ya kwanza tu viungo vya vidole vimechubuka vyote kwa fremu ya mlango. Sentimita sita zile za ziada ndio zilimchubua.

Kwa hivyo chukua futi ya fundi cherehani, mkalishe mtu kwenye kitu kigumu, si kitandani, na pima hivi: upana wa nyonga pale panapopana zaidi, urefu wa paja kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, alafu toa kama vidole viwili vitatu ili ukingo wa kiti usimkate nyuma ya goti, kutoka nyuma ya goti mpaka kisigino akiwa na kiatu, hiyo ndo itaweka sahani ya miguu, na urefu wa mgongo. Baada ya hapo pima milango yako yote, na choo. Andika kwenye karatasi moja. Ukiweza onana na mtaalamu wa viungo hospitalini, wale wa occupational au wa ortopidiki, akupimie na akuandikie barua ya kupendekeza kifaa, kwa sababu fomu nyingi zina sehemu ya mtaalamu kujaza na bila yeye inarudi.

Angalia pia ardhi yako. Kama unaishi kwa mchanga, vile vigurudumu vidogo vya mbele vitazama kama jiwe, afadhali uulizie kiti cha magurudumu matatu, kirefu mbele, chenye gurudumu moja kubwa. Na sponji, usisahau sponji nzuri ya kukalia, mtu asiyehisi makalio yake akikaa siku nzima kwa kitambaa kitupu atapata kidonda, na kidonda kile kinaua watu.

Kwa vifaa vingine kwa ufupi. Fimbo nyeupe ifike karibu na kifua, ya kufika kiunoni ni ya picha tu. Mashine ya kusikia uliza aina ya betri kabla hujaichukua, zile ndogo za kutupwa hukaa wiki moja au mbili hivi, kwa hivyo kuna matumizi ya kila mwezi ambayo hakuna mfadhili atakulipia milele, na mtoto masikio yanakua, ile plastiki ya ndani ya sikio itabidi itengenezwe upya kila baada ya muda. Miguu ya bandia ni hivyo hivyo, kigutu hubadilika hasa mwaka wa kwanza.

Kuomba kwenye mfuko wenyewe

Chini ya Baraza kuna Mfuko wa Kitaifa wa Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Una mikondo yake na ni muhimu uombe kwenye mkondo sahihi. Kuna vifaa saidizi, hapo ndo viti, baiskeli za mikono za magurudumu matatu, magongo, fimbo nyeupe, mashine za kusikia, viatu maalum, miguu na mikono ya bandia. Kuna karo, na hiyo hulipwa shule moja kwa moja. Kuna uwezeshaji, vikundi vilivyosajiliwa hupewa ruzuku na mtu binafsi anaweza kuomba vifaa vya kazi kama cherehani. Na kuna miundombinu, ila huo ni wa taasisi, shule na vituo, kwa hivyo usijaze fomu ile ukitaka rampu ya nyumbani kwako, utapoteza miezi. Lakini kama shule ya mwanao haina choo anachoweza kuingia, basi msukume mwalimu mkuu aombe yeye.

Fomu chukua ofisi ya Baraza ya kaunti yako. Ambatisha kopi ya kadi, kitambulisho, barua ya mtaalamu, na ile karatasi yako ya vipimo hata kama hawakuiomba. Mimi niliongeza pia kotesheni, karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji, na picha ya mamangu amekaa kwenye kile kiti kikubwa pale mlango wa choo. Sijui kama picha ilisaidia ila dada wa ofisini aliiangalia muda mrefu.

Ukiandika barua, usijaze kurasa mbili za masikitiko. Aya tatu zatosha: mimi ni nani na namba yangu ya Baraza, nahitaji kifaa gani cha vipimo gani na mtaalamu gani amependekeza, kitanisaidia kufanya nini ambacho sasa siwezi. Na unaweza kutaja Katiba ya 2010, kifungu cha 54, kinasema wazi mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumuwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake, na kufika kwa urahisi sehemu za umma na kwenye usafiri. Si kwa kutisha mtu, ni kwamba sauti ya barua hubadilika, unaacha kuomba sadaka.

Usingoje mkondo mmoja. Pesa za mfuko huja kwa bajeti ya mwaka, na mwaka wa serikali huanza Julai, ukiambiwa zimeisha mwezi wa nne si kwamba umekataliwa, acha fomu pale ingojee na upewe namba ya kufuatilia.

Kwa watu wenye ualbino kuna mpango wa Baraza wa mafuta ya kuzuia jua na ya midomo, hutolewa kupitia hospitali, uliza hospitali gani kwenye kaunti yako inayapokea. Na kama mgonjwa wako ana ulemavu mkali, wa kuangaliwa saa 24, kuna Inua Jamii, pesa za serikali, 2,000 kwa mwezi. Huanzia kwa chifu na ofisi ya maendeleo ya jamii. Elfu mbili haijengi rampu, lakini nepi za watu wazima yanunua, na mwenye kuzinunua anajua.

Wasio serikali

APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kiko tangu 1958 na wao wanatengeneza viti wenyewe humu nchini, sisi wa Mombasa twaijua karakana yao ya Bombolulu tangu 1969, si ya watalii tu. Faida ya kiti kilichotengenezwa hapa ni kwamba kinakatwa kwa kipimo chako na kikivunjika kuna fundi anayekijua. Kwa wasioona, Kenya Society for the Blind wana fimbo na vifaa vya breli. Ukienda kwa hawa usiulize "mnapeana bure?" Uliza kama kuna kuchangia, manake mara nyingi bei ina sehemu inayobebwa na mfadhili na sehemu yako, na sehemu yako pia inaweza kutafutiwa njia.

Njia ya sehemu yako ni ileile tunayoijua. Chama, harambee, kanisa, na huku kwetu zaka. Ramadhani ikikaribia wenye mali hutafuta pa kuipeleka, na imamu ukimpelekea kotesheni yenye jina la duka na kiasi, pengo la elfu nane, hilo lajazika haraka kuliko "tunaomba msaada wa matibabu" ambalo halina mwisho. Kwenye wasap ya ukoo nilituma picha ya kotesheni na nikasema pesa zitumwe kwa muuzaji, si kwangu. Hata mjomba ambaye huwa haongei kwenye grupu alituma.

Kodi, hapa kuna pesa watu wanaiacha mezani

Kama wewe mwenye ulemavu una mshahara au biashara, soma hapa polepole. Kwa agizo la 2010, shilingi 150,000 za kwanza za kipato chako kwa mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Mtu wa mshahara wa 60,000, baada ya makato ya NSSF, SHA na tozo ya nyumba, hukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, karibu 8,500. Zidisha kwa 12, ni zaidi ya laki moja kwa mwaka, na hiyo ni pesa yako mwenyewe, si ya mfadhili.

Kadi peke yake haikuondolei. Lazima uombe cheti cha msamaha KRA, mamlaka ya kodi, kupitia tovuti yao ya iTax, ukiwa na kadi ya Baraza, ripoti ya daktari iliyoidhinishwa, barua ya mwajiri, na ritani zako ziwe zimejazwa zote, hata zile za sufuri za miaka ulipokua huna kazi. Hapo kwa ritani ndo wengi hukwama. Cheti kina tarehe ya kuisha, weka kwa kalenda miezi kadhaa kabla, manake kikiisha PAYE inarudi bila kukupigia simu. Cheti huandikwa kwa jina la mwenye ulemavu mwenyewe.

Na ile ya watu wa nje. Nduguyo wa Dubai au Uingereza anakwambia nimepata kiti cha umeme, nakutumia. Mwambie asubiri kwanza. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa maalum kwa watu wenye ulemavu, lakini msamaha unaombwa, na unaombwa mapema, kupitia Baraza na KRA. Mzigo ukishafika bandari ya Kilindini ndo unaanza kutafuta barua, gharama za kuhifadhi zinahesabika kila siku, na nimeona mtu amelipa stoo pesa inayokaribia bei ya kitu. Muulize pia betri ya kiti ni aina gani na kama inapatikana Nairobi. Gari la kurekebishwa ni hivyo hivyo, barua kwanza, gari baadaye, na lisizidi miaka 8 tangu kutengenezwa.

Nyumba

Hii ndo sehemu isiyo na mfuko, kwa hivyo ifanye kwa akili. Hesabu ya rampu ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda yataka sentimita 12 za urefu. Ngazi yetu ilikua sentimita 30, kwa hivyo rampu ya mita 3.6. Fundi wa kwanza alicheka, akasema mita moja na nusu yatosha. Nikamwambia kaa kwenye kiti nikusukume juu ya ubao. Alikaa, nilimsukuma mpaka katikati nikashindwa, tukarudi nyuma sote wawili mpaka kwa mti wa mwarobaini. Mita 3.6 ikajengwa.

Tulijaza vifusi chini, zege juu, simiti mifuko mitano, upana mita moja, na pembeni ukingo mdogo wa kama sentimita 5 kuzuia gurudumu lisitoke. Juu usipige nili ikang'aa, mwambie fundi apitishe fagio la chelewa zege likiwa bado bichi, mvua ya masika ikija utaelewa kwa nini. Juu kabisa, mbele ya mlango, acha pahali tambarare pa kiti kusimama, la sivyo atafungua mlango akiwa anateremka kinyumenyume.

Mlango wa choo tulitoa fremu ya mbao tukatundika pazia. Ndio, pazia. Tulipata karibu sentimita 8 bila kuvunja ukuta. Bomba la chuma ukutani la kushikia, lifungwe kwa boliti za kupenya ukuta, si misumari ya zege, manake siku moja mtu mzima ataliegemea kwa uzito wote.

Kama umepanga, omba ruhusa ya landilodi kwa maandishi na ukubaliane kama ukihama utaiacha au utabomoa. Rampu ya mbao ya kubebeka ni jibu zuri kwa ngazi fupi. Na jengo la umma, benki au ofisi ikiwa haipitiki, andikia Baraza, sheria imelipatia nguvu ya kumwagiza mwenye jengo arekebishe.

Simu na kompyuta

Hapa usiombe pesa kabla hujajua cha bure. Simu nyingi za Android zina TalkBack ndani, iko kwenye mipangilio, inasoma skrini kwa sauti, na iPhone ina VoiceOver. Kwa kompyuta ya Windows kuna NVDA, programu ya kusoma skrini, bure, na ndani yake kuna sauti ya eSpeak inayosoma Kiswahili, sauti ya roboti mwenye mafua lakini inasomeka. Kwa hivyo fomu ya mwanafunzi asiyeona iombe laptopu na hedifoni, si programu ya bei mbaya.

Kwa walio Tanzania

Ndugu zetu wa Tanga mara nyingi hutuuliza. Kwenu mlango ni tofauti, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo, utarudishwa, kwa hivyo unafaa kwa kifaa cha kazi zaidi kuliko kiti. Anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kikishafika

Kikague kabla hujatia sahihi ya kupokea: breki zote mbili, sahani za miguu, kaa mwenyewe usikie kama kinavuta upande. Pata risiti au barua ya makabidhiano na uiweke pamoja na zile karatasi zingine. Kila Ijumaa mimi hukipindua uani natoa nywele na nyuzi kwenye vigurudumu vya mbele, natia mafuta tone moja, nakaza nati. Tyubu za nyuma kwa kiti chetu ni inchi 24, za baiskeli, fundi wa baiskeli pale stejini anaziziba, mara ya kwanza aliona haya kunitoza, sasa ananitoza kama baiskeli yoyote.